Alama ya Rangi ya Kucha

Nimeosha maiti wa kike katika mji huu kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidanganya. Ilibidi ninunue gari ndipo niujue uongo wa walio hai.

Naitwa Mejumaa. Nakaa Mji wa Kale, katika nyumba ya marehemu mume wangu, na chumba cha juu nimempangisha Awino, binti wa Kijaluo anayetengeneza umeme wa winchi bandarini. Gari nililinunua nikiwa na miaka hamsini na mbili, baada ya eda kwisha, nikajifunza kuliendesha kule Tononoka huku watoto wa shule wakinizomea. Sikujifunza ili nikatembee. Mwoshaji akiitwa huitwa saa hiyohiyo. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri keshazikwa, na kati ya saa hizo kuna mtu mmoja anayengojwa na ndoo zake. Mtu huyo ni mimi.

Siku gari lilipofika, Nasiha alikuja na chetezo alifukize udi. Nasiha ni rafiki yangu tangu tuko chuo cha Qur'ani, tuna miaka sita, tunachapwa kwa mkwaju mmoja. Alinikuta nimeinama ndani ya boneti na chupa ya rangi ya kucha nyekundu, ambayo nilikuwa nimeiazima kwake mwenyewe.

"Wafanya n'ni, Meju?"

"Natia alama."

Kila mwanamke wa Mombasa anajua kwamba sufuria ikitoka nyumbani kwenda harusini au matangani bila alama, hairudi. Hurudi nyingine, na mara nyingi imetoboka. Basi nilimwambia fundi aliyelileta gari anionyeshe kila kitu kinachoweza kufunguliwa, na kila alichonionyesha nikakitia nukta: betri, stata, altaneta. Nasiha alicheka mpaka akaketi chini na chetezo chake.

"Gari si sufuria, weye!"

"Kila kitokacho mkononi mwangu ni sufuria," nikamwambia.

Miaka sita baadaye Nasiha akashikwa na maradhi yasiyo na dawa. Bintiye, Shukri, akamchukua akae naye Kikambala, mbali huko nje ya kisiwa. Nilikuwa nikienda kumtazama kila wiki, na siku moja, mwezi wa Maulidi, alimtoa Shukri chumbani kwa kisingizio cha chai akanishika mkono.

"Meju, nikifa unioshe weye. Sitaki mkono wa mtu mwengine."

"Kha! Mbona wasema hayo?"

"Nayasema kwa kuwa ni kweli. Na usitelewe, uje mapema. Ukitelewa watakupa maiti mwengine umuoshe, udhani ni mimi."

Alicheka yeye. Mimi sikuweza. Nikamwahidi, nikasema inshallah mara tatu, na sikumbuki kama niliwahi kuahidi kitu kingine maishani kwa uzito ule.

Wiki mbili baada ya hapo, gari likaanza kukataa.

Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri. Nilipigiwa simu kwamba bibi mmoja wa Kisauni amefariki. Nikapakia ndoo, sanda na kafuri, nikazungusha ufunguo. Tk, tk, tk. Nikazungusha tena. Tk. Utasema si kuna tuktuk? Alfajiri wenye tuktuk wako msikitini, na mmoja niliyempata alipoziona ndoo aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia, akakumbuka ghafla kwamba ana abiria anamngoja. Nilipofika Kisauni walikuwa wamekwisha kumkafini. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa chai na mahamri, na chai ile ilinichoma kuliko matusi. Nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu Kisauni ni karibu. Kikambala je?

Nikaazima moto kwenye betri ya gari la jirani, nikalipeleka gari gereji ya Jamaldin, Majengo. Jamaldin ni kijana wa sura nzuri na maneno ya asali, huvaa shati jeupe kwenye gereji, jambo ambalo lilipaswa kunishtua siku ileile. Hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa ya mtoto.

"Mama, betri imekufa."

Akatia mpya, gari likawaka, nikashukuru. Siku kumi na mbili baadaye, tk, tk, tk. Jamaldin akaweka kiganja tena.

"Mama, sasa ni stata. Stata imekufa."

Akakaa na gari siku mbili. Nilipokwenda kulichukua nilimuuliza ile stata kuukuu iko wapi.

"Tumeitupa, Mama. Wataka chuma kibovu cha n'ni?"

Nami, mimi mwenye kutia alama hata mwiko wa wali, nikanyamaza, kwa sababu gari lilikuwa limewaka na moyo ulikuwa Kikambala. Hapo ndipo nilipokosea, na siwezi kumsingizia mtu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili mchana. Shukri alikuwa amenipigia kusema mamake hali chakula tena, anakunywa maji kwa kijiko, na kila akifumbua macho anauliza Meju yuwapi. Nikatoka mbio kwenda kumwona. Gari likanijibu vilevile. Nikampigia Jamaldin hapohapo nikiwa nimeushika usukani kama nataka kuung'oa.

"Hiyo sasa ni altaneta, Mama," akasema bila hata kuliona. "Niletee, likae wiki moya."

Nikakata simu. Wiki moja! Na gari gani hili linalofiwa kila nikigeuka? Betri imekufa, stata imekufa, sasa altaneta. Mimi kufa nakujua. Aliyekufa hawaki tena, ukimwazima moto wa jirani au usimwazime. Hili gari likiazimwa moto liliwaka na kwenda vizuri siku nzima. Kwa mara ya kwanza nilianza kufikiri kwa kichwa changu badala ya kiganja cha Jamaldin.

Awino alinikuta palepale, kwenye uwanja mdogo tunakoegesha magari kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi hata mkokoteni vizuri. Alikuwa anatoka kazini, mfuko wa vyombo begani.

"Masalkheri, mama. Mbona uso hivyo?"

Nikamweleza yote, hata ya Kisauni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Kila linapokataa, huwa limekaa siku ngapi bila kuendeshwa?"

Nikahesabu kwa vidole. Mara ya kwanza siku nne. Mara ya pili tano. Sasa nne. Wiki zile ambazo vifo vilifuatana, nikiendesha kila siku, gari halikuniudhi hata mara moja.

"Basi stata haina kosa," akasema Awino. "Kuna kitu kinakunywa moto wa betri wakati wewe umelala. Kidogo kidogo, kama mfereji unaodondoka. Tutakitafuta."

Nilipenda alivyosema. Hakusema labda.

Akaazima moto kwenye gari la jirani kwanza, betri ipate nguvu, kisha akazima kila kitu. Akalegeza waya mweusi wa betri, na kati ya waya na betri akatia balbu ndogo. Swichi ya mlango akaibana kwa utepe ili taa ya ndani isituchanganye. "Kila kitu kimezimwa," akaniambia. "Basi hii balbu haifai kuwaka."

Balbu ikawaka. Hafifu, lakini ikawaka, mchana kweupe, mbele ya macho yangu.

"Sasa mimi nang'oa fyuzi moja moja huku ndani. Wewe tazama balbu. Ikizimika niite."

Nikainama. Akang'oa ya kwanza. "Bado!" Ya pili. "Bado!" Wazee waliokuwa wakicheza bao barazani wakaacha kete wakaja kutazama, na kila nikisema bado nao wakasema bado. Ya tisa, balbu ikazimika papo hapo.

"Imezimika!"

Awino akasoma kwenye kifuniko. "Hii ni ya tundu la kuwashia sigara."

"Mimi nivute sigara?" nikafoka. Na maneno hayajanitoka vizuri, nikakumbuka kilichokuwa chini ya kiti.

Siku ileile niliyotoka kwa Nasiha na wasia wake kifuani, wifi yangu aliniambia gari linalobeba sanda kila siku si vizuri likae kimya, litiwe Qur'ani. Akanipa kile kitaa cha plastiki chenye spika kinachosoma Qur'ani, nikakichomeka kwa waya kwenye tundu lile, nikakificha chini ya kiti. Lakini wanawake ninaowachukua njiani hawanyamazi, na kupiga porojo Qur'ani ikisomwa ni kukosa adabu. Kuizima katikati ya aya, mkono ulikuwa mzito. Basi nikapunguza sauti mpaka mwisho, nikaona nimemridhisha kila mtu. Kumbe kilikuwa kinasoma kimyakimya mwezi mzima, usiku na mchana, na taa yake imewaka chini ya kiti.

Nikakitoa. Awino akakigeuza, akaona kigurudumu cha sauti, akakizungusha na kurudisha fyuzi. Sauti ya msomaji ikatoka katikati ya aya, haijachoka hata kidogo. Wazee wa bao wakanyamaza wote. Awino, ambaye ni mtu wa kanisani, alisimama kwa heshima mpaka aya ikaisha, kisha akakizima yeye.

"Usione haya, mama. Bandarini tulitafuta mwezi mzima kwa nini winchi inazimika, kumbe mtu alikuwa anachemsha chai kwenye waya wake."

Nilikiri kosa langu mbele ya wazee wale. Sikuona sababu ya kulificha. Lakini kosa langu halikumpa mtu ruhusa ya kuniuzia stata.

Tena hapo ndipo hadithi ilipogeuka. Awino alifunga waya vizuri, akaniambia niwashe. Gari likawaka, ila baada ya kukwaruza mara mbili, sauti ya jiwe kwenye ungo. Akaniambia nizime. Akalala chini na tochi, akakwangua kwa bisibisi.

"Mama, stata mpya hupakwa rangi juu ya kutu?"

"Kutu?"

"Hii ni kuukuu, imepakwa rangi nyeusi. Meno yake yameliwa. Siku yoyote itakataa, na hapo hata betri kumi hazitakusaidia. Ile yako haikuwa na kosa lolote. Wameichukua."

Nilisimama pale, kichwani nikamwona Shukri amekaa karibu na simu. Nikaona Kikambala ilivyo mbali. Hasira iliyonipanda haikuwa ya makelele. Ilinituliza.

Asubuhi iliyofuata tukaenda Majengo, mimi na Awino. Gereji ilikuwa imejaa, wateja wanne kwenye benchi, mmoja mwanamke wa buibui na mwanawe mgongoni. Nilimsalimu Jamaldin salamu kamili, nikamuuliza watoto, nikamuuliza mkewe. Ugomvi wa maana haukosi salamu.

"Jamaldin, nimekuya kutwaa stata yangu."

"Ipi tena, Mama? Si nilikutilia mpya?"

"Mpya yako ina kutu. Nataka kuukuu yangu."

"Ile ilikufa, Mama, tukaitupa. Haki ya Mungu."

"Mungu muwate kwanza. Na hayo ya kufa kamwambie mwengine, hiyo ni kazi yangu."

Watu kwenye benchi wakacheka. Jamaldin akacheka pia, cheko la mtu aliyekanyaga msumari. Nikaketi kwenye benchi kati ya wateja, nikaweka mkoba mapajani.

"Sendi popote," nikasema. "Leo sina maiti."

Nyuma yake kulikuwa na rafu, na juu ya rafu stata tano zimepangwa, zimepakwa rangi nyeusi, zinang'aa. Awino akaziona nami nikaziona. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye kopo la petroli.

"Hizo za watu!" akasema Jamaldin.

"Ndiyo tunatafuta ni za watu gani," akajibu Awino, na akaanza kusugua.

Ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu, rangi nyeusi ikahamia kitambaani, na chini yake ikatokea nukta nyekundu, kubwa kiasi cha punje ya mbaazi, imeshika kama niliyoitia jana. Petroli haiitoi rangi ya kucha. Hilo hata Jamaldin hakulijua, kwa sababu hajawahi kupaka.

Yule mwanamke wa buibui akasimama. "Wallahi, hiyo si alama ya sufuria?"

"Ndiyo hasa," nikamwambia.

Alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Mwanamume mmoja hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari lake akafungua boneti.

Jamaldin akanisogelea, sauti imeshuka, uso wote umebadilika. "Mama, nisitiri. Tafadhali. Weye kazi yako ni kusitiri watu."

"Nawasitiri waliokufa," nikamwambia, "kwa kuwa hawawezi tena kujirekebisha. Weye u hai."

Akainamisha kichwa. Na kwa kuwa alikuwa ameigusa kazi yangu, nilimsogeza kando, karibu na ukuta, wengine wasisikie.

"Mamako nilimuosha mimi, Jamaldin. Wakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama."

"Pete yake ilikuwa imekwama. Watu walisema ikatwe. Sikuikata. Niliitoa kwa sabuni na subira, nikakutilia mkononi mwako, pamoja na vipuli vyake viwili. Uliniuliza kama ndivyo vyote?"

"La."

"Kwa nini?"

"Haikunijia kwamba waweza kutwaa," akasema.

"Nami haikunijia," nikasema. "Ndiyo sababu nilikuwatia gari mikononi mwako nikenda zangu."

Macho yake yalilowa. Sikumwonea huruma, wala sikufurahi. Alivua shati lake jeupe, akavaa ovaroli ya mmoja wa mafundi, akalala chini ya gari langu kwa mgongo wake mwenyewe. Aliirudisha stata yangu, na Awino akasimama juu yake akihesabu kila bolti. Nilipozungusha ufunguo gari liliwaka kabla sijamaliza kuuzungusha. Tulipoondoka yule mwanamume wa boneti alikuwa amezikusanya stata nne zilizobaki, ameziweka mbele ya Jamaldin, anangoja maelezo. Hayo yalikuwa yao.

Siku ileile nikaenda Kikambala kumtazama Nasiha, kisha siku tano gari lilikaa uwanjani bila kwenda popote. Sikuligusa kwa makusudi. Nilitaka kujua kama betri bado inanyonywa, na kujua kwenyewe kulikuja siku ya sita, nimetoka tu kuswali alfajiri, simu ikalia. Alikuwa Shukri. Nilisikia anavyopumua, nikajua.

"Nakuya, mwanangu," nikamwambia. "Msimguse. Nakuya."

Ndoo, sanda, kafuri. Nikazungusha ufunguo mara moja, gari likawaka. Nikavuka daraja la Nyali barabara ikiwa tupu, na kwa kuwa sikuwa na abiria wa kupiga naye porojo, nilikichomeka kile kitaa, nikapandisha sauti mpaka juu. Nilipofika Kikambala maji yalikuwa hayajapata moto.

Mwoshaji hasemi alichokiona. Isipokuwa kizuri, hicho anaruhusiwa, kwa hivyo hiki nitakisema. Tulipofunua miguu ya Nasiha, mimi na Shukri tu chumbani, niliona kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, juu ya ukucha, nukta nyekundu. Kubwa kiasi cha punje ya mbaazi.

Shukri akaweka mkono mdomoni. "Wiki ilopita aliitaka ile chupa yake ya rangi. Tulidhani homa imempanda. Alipaka mwenyewe, hataki kusaidiwa. Akasema, Meju ataelewa."

Nilicheka. Ndani ya chumba kile, na ndoo ya maji mbele yangu, nilicheka kwa sauti, kisha cheko likageuka na sikuweza kulizuia. Shukri alinishika mabega mpaka likapita.

Rangi haiachi maji yafike kwenye ukucha, na maji sharti yafike. Nikaomba pamba na dawa ya kuitoa. Nikakishika kile kidole muda kidogo, kilikuwa kimepoa.

"Nimekuona, shoga yangu," nikamwambia. "Ni weye. Sikukosea."

Nikaifuta ile nukta taratibu mpaka ukucha ukawa mweupe, nikanawa mikono, nikaanza kumuosha, upande wa kulia kwanza.